Wameona Wengi, Kanunua Shemeji

Hivi ni nani aliyepitisha kwamba mtu akitaka kuuza viatu ni lazima kwanza ajue CTR? Nauliza kwa heshima zote, mimi mtu mzima, mwenye familia na biashara yenye leseni. Leo asubuhi hata mswaki sijauweka chini, simu inaita. Ujumbe wa yule kijana anayenisimamia matangazo ya mtandaoni: "Shikamoo Mzee. CTR imeshuka kidogo, CPM imepanda, baunsi reti si mbaya sana, ila impresheni ziko moto. Tuongeze bajeti?"

Katika ujumbe wote ule nimeelewa mawili, shikamoo na bajeti. Nikajibu lile la kwanza: "Marahaba." Nikanyamaza.

Hakunyamaza yeye. Akapiga simu ya video.

Sasa nyie mnajua hali ilivyo. Usipotangaza mtandaoni, hata ndugu zako wanadhani ulishafunga. Ukibandika picha bila kulipa, wanaiita oganiki, inaonwa na watu wa kuhesabika, nusu yao wakiwa washindani wako wanaokuja kuchungulia bei. Halafu kile kitufe cha kulipia kinaanza kukukonyeza. Utafanyaje? Unalipa. Ukishalipa tu, unaletewa ripoti, na ripoti ndiyo adhabu yenyewe.

Nikavaa shati, maana ni mkutano. Kijana akafungua dashibodi yake, migrafu ya rangi zote, akakohoa kidogo.

"Mzee, impresheni 60,000."

Nikakaa vizuri. Elfu sitini! "Watu 60,000 wameona viatu vyangu?"

"Hapana Mzee. Watu ni richi. Richi ni 15,000. Impresheni ni mara ambazo tangazo limeonyeshwa. Kwa wastani kila mtu ameliona mara nne, na hiyo mara nne ndiyo frikwensi."

"Kwa hiyo mtu ameonyeshwa viatu vyangu mara nne na hajanunua."

"Hajanunua bado, Mzee."

Hilo "bado" lake lilitamkwa kwa upole wa daktari. Nikauliza, kwa sauti ya mwenye mali, kuona kwenyewe maana yake nini. Akaniambia kuna kiwango kabisa kinachotumika na wakubwa wa matangazo: tangazo la picha linahesabiwa kuwa limeweza kuonekana iwapo angalau nusu yake imekaa kwenye skrini kwa sekunde moja mfululizo. Video, sekunde mbili. Na hicho ni kiwango cha wenye msimamo mkali; impresheni za kawaida, tangazo likishapakiwa tu, imeshahesabiwa.

"Nusu ya kiatu," nikamwambia, "kwa sekunde moja. Ameona kisigino au kidole?"

"Inategemea ameskroli kutoka wapi, Mzee."

Kanijibu! Mimi nilikuwa nalalamika, yeye kajibu.

Tukaenda kwenye CTR. Waliobofya ni 600, gawanya kwa impresheni, asilimia 1. Nikauliza ilikuwa ngapi kabla ya kushuka. Asilimia 1.2. Ndiyo maana kaniondoa kwenye mswaki. Akaona nimenuna, akataka kunifariji kwa historia: tangazo la kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, miongoni mwa mabango ya kwanza kabisa ya mtandaoni, liliwekwa kwenye tovuti ya HotWired Oktoba 1994, na husimuliwa kuwa asilimia 44 ya walioliona walilibofya.

"Arobaini na nne?"

"Arobaini na nne, Mzee. Watu walikuwa hawajazoea."

Nikamwambia basi pesa yangu aipeleke 1994.

Akacheka, mimi sikucheka. Akaendelea na malipo. CPM ni gharama ya kila impresheni elfu moja, CPC ni gharama ya kila mbofyo. Yaani ukitaka lipia macho, ukitaka lipia vidole. Sisi tunalipia vidole. Na hapo ndipo nilipomkumbuka mama yangu mzazi, Mungu ampe maisha marefu, ambaye kila akikutana na tangazo langu analibofya kwa mapenzi, kisha ananipigia: "Mwanangu, nimekubofyea tena leo." Umwambie nini? Mama, acha baraka, zina CPC?

Baunsi reti sasa, yaani asilimia ya wanaoingia tovutini na kutoka bila kufanya la maana. Kwenye Google Analytics ya siku hizi, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, ziara inahesabiwa kuwa ya maana ikizidi sekunde 10, au mgeni akifungua kurasa mbili, au akifanya tukio ulilolitia alama kuwa muhimu. Asiyefikisha hata moja, kabaunsi. Kumbe mtu akifungua ukurasa wangu, akaacha simu inawaka mezani na kwenda kufungua mlango, huyo kavutiwa na viatu. Mwenye haraka aliyesoma bei ndani ya sekunde tano akaenda kutafuta hela, huyo kabaunsi.

"Lakini cha msingi ni funeli, Mzee." Akachora. Juu pana, chini pembamba. Juu wanaokufahamu, katikati wanaofikiria, chini wanaonunua. Jamani, funeli ninayoijua mimi, mafuta ukimimina juu, yote yanatoka chini. Hii yao inavuja kila upande, halafu anayelaumiwa ni mwenye mafuta. Nikamwambia tushuke huko chini nikaone kilichotoka.

"Konvesheni tatu!" Kwa furaha, utadhani kapata mtoto.

"Wamenunua watatu?"

"Si lazima wanunue, Mzee. Konvesheni ni kile tulichopanga kitokee. Mmoja kaacha namba ya simu, huyo ni lidi, mteja mtarajiwa. Mwingine kajiunga kupokea barua pepe zetu."

"Mimi nilipanga wanunue."

"Wa tatu kanunua."

Nikaomba jina. Akasoma. Ndugu zangu, ni shemeji yangu. Shemeji aliyekuja nyumbani kwa miguu yake, akajaribu kiatu sebuleni, akalalamika kinabana, akachukua namba kubwa zaidi, kisha nikamwambia mwenyewe abofye kiungo kwenye tangazo apate punguzo la familia. Sasa mtandao unasema umeniletea mteja! Nikamweleza kijana. Akasema hiyo ni atribusheni, yaani kuamua nani apewe sifa ya kuleta mteja: kwetu mbofyo wa mwisho ndio unaobeba sifa. Sebule yangu haimo kwenye hesabu. Dada yangu aliyeolewa na yule bwana hayumo kwenye hesabu.

Na usidhani hata hilo neno konvesheni litakusaidia ukishalikariri. Machi 2024 Google waliamua kwamba kwenye Analytics hizo sasa ziitwe matukio muhimu, na konvesheni zibaki upande wa matangazo. Mtu unalishika jina kwa jasho, wenyewe wameshahama.

Nikaona nimalize kwa lile ninaloliweza. "ROI yetu ikoje? Faida ukitoa gharama, ukagawa kwa hela niliyotoa. Niambie."

"Mzee, sauti yako inakatika."

Ilikuwa haikatiki.

Yaliyobaki akanitumia kwa maandishi. SEO, ambayo ni kuwabembeleza Google wakuweke juu bila kuwalipa, na inataka subira ya miezi. Majaribio ya A/B, ambapo nusu ya watu wanaonyeshwa kitufe chekundu na nusu cha kijani, tuone kipi kinabofywa zaidi. Viatu vyenyewe hakuna aliyeuliza. Infuluensa tuliyemfuata, yaani mtu mwenye wafuasi wengi mtandaoni wa kutusifia bidhaa, alitaka jozi ya bure, na ya mwenzake, na ya mpiga picha.

Lakini kinachonimaliza kabisa ni rimaketingi, yaani ukitafuta kitu mara moja, matangazo yake yanakufuata kila uendako mtandaoni. Chanzo ni vidakuzi, vile vinavyokuomba ruhusa kila ukifungua tovuti na wewe unakubali ili upite. Alivibuni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, 1994 tena, mwaka ule ule wa mabango, ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni. Wamenikumbuka mimi. Siku moja nilitafuta dawa ya goti. Goti la kulia, linauma nikipanda ngazi, basi. Toka siku hiyo nikisoma habari za mpira, magoti. Nikiangalia hali ya hewa, magoti. Yakafuata magongo. Yakafuata magodoro ya wagonjwa. Algoriti, ile programu inayochagua nionyeshwe nini, imekaa huko iliko inanizeesha taratibu.

Jana usiku limekuja la bima ya mazishi. Mke wangu akaliona kwenye simu yangu, akakaa kitandani, akaniuliza kuna kitu gani simwambii. Nimekula kiapo hadi saa saba. Na najua mahali fulani kuna mzee mwenzangu anauza hiyo bima, kijana wake kamfungulia dashibodi na anamwambia kuna bwana mmoja hapa, frikwensi imefika tisa, anaangalia tu, lakini huyu, Mzee, tusimwachie, huyu yuko chini kabisa ya funeli.