Mlango Mzima, Banda Limelala

Jumamosi moja ya Septemba mama alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona mama wa Umalila, huku milimani Mbeya, anapiga simu saa hiyo, ama kuna msiba ama kuna hasara. Ilikuwa hasara. "Banda la mbegu limelala," akasema. Nikadhani ni namna yake tu ya kusema limeanguka, mpaka nilipofika Ilembo mchana nikaliona kwa macho yangu.

Kweli limelala. Nguzo zote sita zimeinamia upande mmoja kama abiria waliosinzia kwenye basi la alfajiri. Bati bado zimeshikana na papi zake, zile mbao za kupigilia bati, na hakuna mbao iliyovunjika hata moja. Chanja za kutandazia mbegu zimebanwa huko chini, na mbegu za viazi za msimu mzima zimemwagika kwenye vumbi.

Fundi aliitwa. Akazunguka mara mbili, akatikisa kichwa. "Upepo wa mwaka huu, kaka, si wa kawaida."

Upepo! Agosti na Septemba upepo unavuma huku tangu babu yangu hajaota ndevu. Fundi wa Ilembo anayeshangazwa na upepo, mwezi wa sita sijui anaishije na baridi.

Upepo ulisukuma tu, ndiyo kazi yake. Kilicholilaza banda ni kukosa mbao za mshazari. Hamniamini? Chukueni vipande vinne vya papi, pigilieni mraba, msumari mmoja kila kona. Sukuma kwa kidole, unalala kama kasha la kiberiti lililokaliwa. Ongeza msumari wa pili kila kona. Mraba utabisha kidogo, halafu utalala vilevile, maana paina ni laini na msumari unajitafutia nafasi. Sasa pigilia kipande cha tano, kutoka kona hii ya chini mpaka kona ile ya juu. Sukuma tena. Sukuma kwa goti ukitaka. Umeshagawa mraba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu hailali mpaka kitu kivunjike au msumari ung'oke. Niliwafanyia watoto wa dada yangu jaribio hilo palepale uani. Yule wa darasa la tatu alielewa kabla ya fundi.

Fundi akajitetea kwamba amepiga mbao ukutani kuzunguka banda zima, zile nyembamba za kulala, zenye nafasi katikati ili mwanga upite. (Wenye viazi mnajua, mbegu ikikaa gizani inatoa machipukizi marefu meupe kama tambi.) Sawa, amezipiga, na kwa mwanga zinafaa. Kwa upepo hazifai kitu. Ngazi nayo ina mbao za kulala kibao, hebu ikilegea misumari uisukume ubavuni uone.

Ila kilichoniuma kuliko vyote ni mlango. Niliukuta umechomoka kwenye bawaba, uko kwenye nyasi, kona zake zote nne zimenyooka kama umetoka karakana leo. Nikaugeuza. Nyuma yake kuna mbao ya mshazari, imeanzia bawaba ya chini ikapanda mpaka upande wa komeo, safi kabisa. Kumbe anajua! Ukimpa mlango, mkono wake unakwenda kwenye mshazari bila kuulizwa, kwa sababu kila mtu ameshaona mlango ulioshuka ukaburuza chini. Lakini banda zima, lenye bati juu na magunia ya mbegu ndani, hilo lisimame kwa maombi.

Nikapiga hesabu. Kuta nne, mishazari miwili kila ukuta, jumla nane. Ukuta una futi 7 kwenda juu. Mshazari ukiuanzia futi 5 kutoka kwenye kona, unataka kipande cha futi 8 na nusu na ushee. Mbao ya futi 12 inakitoa hicho, na kinachobaki, futi 3 na kitu, kinakaza kona ya juu chini ya kenchi, ile fremu ya paa. Mbao nane za inchi 2 kwa 3! Umalila hii, ambako kila mwenye kilima amepanda paina.

Haya, nakubali: mama naye alimwambia apunguze mbao. Mama yangu ni mtu wa kupunguza, hata sukari ya chai ya mgeni anaipunguza. Lakini tunamlipa fundi ili ajue kipi kinapungua na kipi hakipungui.

Mengine siyasemi sana. Mbao zilitoka kwenye mashine asubuhi, jioni zimeshapigiliwa, mbichi zinachuruzika. Zikikauka zinasinyaa, na msumari unabaki umening'inia kama jino bovu. Nguzo zimepakwa oili chafu chini, mchwa atachelewa kidogo, lakini nguzo za umeme zinazotoka Mufindi na Njombe hazikutiwa dawa kwa brashi. Na ninyi mtakaoniambia "jenga tofali, achana na mbao", hizo tofali mnazichomea nini? Na kenchi zenu ni za udongo?

Jumapili baada ya ibada tulilisimamisha kwa kamba, vijana sita na baba mdogo akipiga kelele za uongozi. Tukapigilia mishazari yote minane kwa misumari ya inchi 4. Mama akaja, akashika nguzo ya kona kwa mikono miwili, akaitikisa kama anayetikisa mparachichi. Kimya. Akaachia, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Na la ng'ombe je?" akauliza.

Nikaenda kuliangalia banda la ng'ombe. Fundi ni huyohuyo. Mlango wake ni mzuri sana.