Nilisema Paa, Sikusema Mbuzi

Kwa kuwa jirani yangu wa ghorofa ya tatu, aliyekuja kwangu Jumamosi kuazima ngazi na akaamua kuketi asubiri chai, ameshawatumia nusu ya wakazi wa mtaa wetu wa Umoja ujumbe wa sauti unaodai kwamba nilimwita Penelope, mke wa Odysseus wa hadithi za Wagiriki, mbuzi, nimeona heri niyaeleze mwenyewe kabla hayajafika kazini. Nilisema paa. Sikusema mbuzi.

Mnaonifuata hapa mnajua ninavyojigamba kuhusu A yangu ya Kiingereza, kwa hivyo dada yangu aliponiomba nimsaidie bintiye wa kidato cha nne na wenzake watano kudurusu, sikusita. Nilibandua ukutani kalenda ya bucha ya mwaka jana, nikaigeuza, nikaandika kwa kalamu nene tamathali za usemi upande mmoja na majina ya Wagiriki upande wa pili, kisha nikasimama mbele ya makochi kama mkaguzi wa shule. Tashbihi na sitiari zilipita bila ajali. Chuku nayo ilipita, ingawa sasa nakumbuka kwamba nilipoitaja kwa Kiingereza, hyperbole, nikasema "haipabol", msichana mmoja alikohoa.

Kisha akaja Persephone. Niliwaeleza vizuri, na hilo hata jirani hawezi kulikana, jinsi Hades, mungu wa kuzimu, alivyomteka akichuma maua, jinsi mamake Demeter, mungu wa mavuno, alivyosusa hadi nafaka zikakataa kuota, na jinsi punje za komamanga alizokula kuzimu zilivyomlazimu kurudi huko sehemu ya kila mwaka. Kasoro ni kwamba muda huo wote nilikuwa nikimwita Pasifon, kana kwamba ni binti wa kampuni ya simu.

Nilipomfikia Penelope, yule mke wa Odysseus aliyesumbuliwa na wachumba mumewe akiwa mbali, nilikuwa nimeshapata kasi. Niliwapa kanuni: katika Kiingereza, e ya mwisho ni kama mlinzi wa benki, ipo lakini haisemi neno. Basi nikamwita Penilop, na kwa kuwa mwalimu mzuri hutoa mfano wa karibu, nikaongeza kwamba jina hilo hutamkwa kama antilop, yule paa wa mbuga yetu ya Nairobi, na kwamba mama huyo alipewa jina hilo kwa makusudi, kwa sababu aliwakwepa wachumba kama paa amkwepavyo simba. Wachumba hao walikuwa 108, wamehesabiwa katika utenzi wenyewe, Odyssey, na ni kweli kwamba aliwazungusha kwa miaka mitatu akifuma sanda ya baba mkwe mchana na kuifumua usiku. Hayo ya paa niliyatoa mfukoni mwangu.

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo ningeshtuka. (Ninyi mnaocheka mapema, ngojeni.)

Nikaingia kwenye kinaya cha kidrama, nikitembea taratibu kutoka televisheni hadi mlango wa jikoni, mikono mgongoni. Nikawaambia ni hali ambapo hadhira yote inajua jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui. Nikamtoa mfano Oedipus, mhusika wa tamthilia ya Mgiriki Sophocles, anayeapa kumsaka muuaji wa mfalme Laius ilhali muuaji ni yeye. "Tazameni," nikasema, "yeye pekee ndiye hajui! Amesimama mbele ya watu, amejiamini, na kila akifungua kinywa anazidi kujichimbia." Mvulana aliyeketi karibu na friji akajiziba mdomo kwa kitambaa cha kochi. Jirani akaweka kikombe chini. Mpwa wangu alikuwa akiandika kwa bidii, nami nikainama juu ya daftari lake ili nimpongeze, nikakutana na mwandiko safi wa wino wa bluu: "Kinaya cha kidrama. Mfano: Anko na Penelope." Neno Anko alikuwa amelipigia mstari mara mbili, kwa rula.

"Anko," akasema kwa upole wa daktari anayetoa majibu mabaya, "ni Pe-ne-lo-pi. Silabi nne. Pa-se-fo-ni pia ni nne. Na ile ya chuku." Kisha akanikumbusha kwamba matamshi hutahiniwa katika karatasi ya kwanza, ile sehemu ya mazungumzo yenye alama 30.

Linaloniuma ni kwamba laiti ningeyasoma majina hayo kama nyanya yangu asomavyo gazeti, kila irabu ikipewa haki yake, ningekaribia kabisa kupata. Wagiriki hawaimezi e ya mwisho. Iliyoimeza ni ile A yangu ya Kiingereza.

Yaliyofuata ni mafupi. Tulimaliza upatanisho wa kiima na kitenzi, mandazi yakaisha, ngazi ikaondoka, na kufikia magharibi kikundi cha WhatsApp cha jengo letu kilikuwa na picha ya mbuzi aliyevishwa taji.

Jumatatu, baada ya kukesha nikiwatamka miungu wote mbele ya kioo, nilipitia soko la Gikomba kutafuta raba za mtumba. Nikaona jozi nzuri, na kwa kuwa sasa nilijua kwamba Nike ni mungu wa kike wa ushindi na kwamba jina lake lina silabi mbili, nikamuuliza muuzaji kwa sauti ya kutosha bei ya hizo Naiki. Alinitazama kuanzia miguuni hadi usoni, akamgeukia mwenzake, kisha akaniambia kwa huruma, "Mkubwa, hizi ni Naik. Hiyo ya mwisho haitamkwi."