Dumu la Shemeji

Shemeji yangu ni Mchaga, na kwake duniani kuna pombe moja tu: mbege. Ukikaa naye lazima akupitishe hatua zote: ndizi mbivu zinavyopikwa, zinavyoachwa zichachuke, uji wa kimea cha ulezi, magome ya msesewe ya kuleta uchungu. Kwa hiyo alipokuja harusini Mafinga akaambiwa kwetu kuna ulanzi, pombe inayodondoka yenyewe kutoka kwenye mwanzi, alicheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake nikampeleka kwa mzee mmoja mgema.

"Kamwene," mzee akasalimu.

"Marahaba," shemeji akajibu. Mzee wa watu, mvi kichwa kizima! Nikaangalia pembeni.

Bahati nzuri mzee ana moyo. Akatuonyesha chipukizi la mlanzi, ndio mwanzi wenyewe: masika yote analikata ncha asubuhi na jioni, utomvu unachuruzika kwenye mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia. Shemeji akapewa mtogwa, uliogemwa siku hiyohiyo. "Hii juisi ya watoto." Akapewa mkangafu, uliokwisha kulala na kukolea. Akakaa kimya kidogo, halafu akaomba dumu la lita 10 la kupeleka Dar.

"Kifuniko usikikaze, baba," mzee akasema. "Huu bado unachachuka. Unapumua."

"Mzee wangu, mimi pombe nimezaliwa nayo." Akatia nailoni chini ya kifuniko, akakaza kwa mikono miwili.

Kwenye basi keria ilikuwa imejaa, dumu likapakatwa na mimi, katibu wa kwaya, nisiyejua hata bia ina ladha gani. Mafinga baridi, Iringa mjini baridi, hatukugombana. Tulipoanza kuteremka Kitonga joto likapanda, na dumu likaanza kuota kitambi. Kufika Ruaha Mbuyuni halikuwa na pembe tena.

"Shemeji, linavimba."

"Joto tu hilo."

"Shemeji, linanisukuma!"

Tukiwa katikati ya hifadhi ya Mikumi, akaamua kulipunguza upepo. Humohumo kwenye basi, humohumo mapajani mwangu.

Kifuniko kiligonga dari. Ulanzi ukakifuata. Povu likanipata usoni, likashuka shingoni, likaingia kwenye shati jeupe na kuendelea na safari zake huko chini ambako sitaelezea. Abiria waliokuwa wanapiga picha twiga wakageuza simu zote kwangu. Twiga wa watu akasahaulika.

Mbele kidogo, trafiki. Kaingia, kavuta pumzi mara moja tu.

"Dereva, shuka upulize."

Dereva akapuliza. Sifuri. Askari akarudi ndani akinusanusa kiti kwa kiti, mpaka kwangu, ninayedondoka.

"Wewe umekunywa kiasi gani?"

"Afande, mimi sijawahi kunywa pombe."

Basi zima likaangua kicheko. Shemeji, aliyezaliwa na pombe, alikuwa anatazama dirishani kana kwamba tumekutana stendi. Aliyenitetea ni bibi mmoja wa kiti cha nyuma, Mhehe kwa lafudhi. Alijipangusa shavu, akalamba kidole, akafikiri.

"Mwache huyo, mwanangu, hana kosa. Kamata huyo wa dirishani aliyemwaga. Huu ulikuwa mkangafu wa maana kabisa."