Seli Shina za Damu: Tuusifu Utulivu Wake

Wengi wakisikia "seli shina" hufikiria seli inayogawanyika usiku na mchana. Kwa damu, naona picha hiyo inapotosha. Seli shina halisi ya damu, yaani ile inayozaa seli nyingine zote za damu, muda mwingi imetulia ndani ya uboho, ule ute laini wa ndani ya mifupa, na utulivu huo ndio unaoilinda.

Mzigo wenyewe ni mkubwa mno. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) siku 7 hadi 10, kwa hiyo mtu mzima hutengeneza seli nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku. Karibu kazi yote hiyo hufanywa na vizazi vya kati, yaani seli zilizokwisha kutoka kwenye shina lakini bado hazijawa damu kamili, ambazo hugawanyika sana kisha zikaisha. Shina halina ruhusa ya kuchoka hivyo, maana kosa likiingia kwenye DNA yake hurithiwa na uzao wake wote.

Wala halianzii mfupani. Katika kiinitete, huchomoza kwenye ukuta wa aota (mshipa mkuu wa damu), likahamia kwenye ini na kuongezeka huko, kisha ndipo huingia ubohoni. Humo seli jirani hutoa protini iitwayo CXCL12 inayolishikilia mahali pake.

Upandikizaji wa seli shina mara nyingi hutegemea kulegeza kishikizo hicho. Mchangiaji wa seli huchomwa G-CSF, dawa inayochochea uboho, kwa kawaida mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, muda wa siku 4 au 5. Seli hizo hutoka ubohoni na kuingia kwenye damu, mashine ikazikusanya. Kiwango cha chini kinachozingatiwa ni seli milioni 2 zenye alama ya CD34 (protini ya juu ya seli inayotumika kuzitambua) kwa kila kilo ya mgonjwa. Hapa ndipo ningependa tuwe makini zaidi: alama hiyo hubebwa pia na vizazi vya kati, na mashina ya kudumu ni sehemu ndogo tu. Seli nyeupe zikipanda ndani ya wiki 2 au 3, tufurahi, ila hilo peke yake halithibitishi kwamba uboho utasimama miaka 10.

Umri nao huleta shida ya kimyakimya. Shina moja likipata badiliko kwenye jeni DNMT3A au TET2, uzao wake huanza kuyapiku mengine. Baada ya miaka 70, zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wana hali hii, na kipimo cha kawaida cha damu chaweza kuonekana safi kabisa. Wengi wao hawapati saratani ya damu, lakini hatari ya ugonjwa wa moyo hupanda, kwa kuwa seli nyeupe za uzao huo huchochea uvimbe kwenye kuta za mishipa.

Saratani ya damu yenyewe hutumia ngao ileile ya utulivu. Dawa nyingi za kemotherapia huua seli zinazogawanyika, na shina la saratani lililotulia huponyoka. Ndiyo maana mgonjwa wa lukemia kali (saratani ya damu inayokwenda kasi) ambaye uboho wake umeonekana safi chini ya hadubini bado huongezewa duru nyingine za dawa.