Sukari: kuibana mapema au kuiachia?

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, wapo wanaosema HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, ishushwe chini ya asilimia 7. Wapo wanaojibu kwamba kubana sana kunaua.

Hawa wa pili wana ushahidi. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada ulisitisha mapema tiba iliyolenga chini ya asilimia 6, kwani vifo katika kundi hilo vilizidi kwa asilimia 22. Na mzee wa miaka 75 mwenye figo dhaifu, akimeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, kisha akafunga bila daku, sukari inaweza kumshuka mpaka azimie kabla ya Magharibi. Kwake asilimia 8 inatosha.

Ila ACCORD inabebeshwa isichokisema. Washiriki walikuwa na wastani wa miaka 62, wengi wameshaishi na maradhi haya takriban muongo mzima, tena wana maradhi ya moyo au wako hatarini kuyapata. Mvuvi wa Mkoani, Pemba, wa miaka 43, aliyegunduliwa juzi, si mwenzao.

Wenzake ni wale wa utafiti wa UKPDS wa Uingereza, walioanza tiba mara tu walipogunduliwa. Waliobanwa walifika 7.0, wengine 7.9. Kwa tofauti hiyo ndogo, madhara ya mishipa midogo, ya macho khasa, yalipungua kwa robo. Kuhusu moyo, matokeo ya mwaka 1998 hayakutosha kuthibitisha kitu, na wapinzani wakang'ang'ania hapo. Utafiti ulipokwisha, sukari za makundi yote mawili zikalingana ndani ya mwaka mmoja. Hata hivyo, miaka kumi baadaye, waliobanwa mwanzo kwa sulfonilurea (jamii ya glibenklamaidi) au insulini walikuwa na mshtuko wa moyo pungufu kwa asilimia 15 na vifo pungufu kwa asilimia 13. Sukari zilishalingana, faida ikabaki! Miaka ya mwanzo aliyoipoteza mtu akisubiri "mpaka nihisi kitu" hailipiki baadaye, na figo zinaharibika bila kuuma.

Kuibana mapema hakulazimishi dawa kali. Metformin, dawa nyingine ya kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kwa hatari. Kwa kawaida huanzwa miligramu 500 pamoja na chakula, daktari akaipandisha kidogo kidogo kila wiki. Ikianzwa kwa wingi, tumbo huchafuka na mgonjwa huiacha.

Mwenye selimundu asiiamini HbA1c peke yake: chembe zake nyekundu hufa mapema, kipimo kikasoma chini kuliko hali halisi. Huyo apimwe kidoleni, kabla ya kula na saa mbili baadaye.