Nilivyoifuta kampuni yetu mbele ya mteja

Naandika mwenyewe kabla hamjazidi kulishwa toleo la yule jamaa wa meza ya jirani. Sikulia. Kiyoyozi kilikuwa kinanipuliza machoni.

Fomu ya kusajili wateja wa nje, sehemu ya namba ya kampuni, nilipewa mimi. Namba za BRELA, wasajili wa kampuni wa Tanzania, nilizozizoea ni tarakimu tupu, nikajua dunia nzima iko hivyo, nikazuia herufi. Halafu nikasoma kwamba SIREN ya Wafaransa, namba yao ya kampuni yenye tarakimu 9, huhakikiwa kwa hesabu ya Luhn, hii hii ya kadi za benki: unazidisha kwa mbili tarakimu moja, unaruka inayofuata, mwisho jumla lazima igawanyike kwa 10. Nikaipenda. Nikawawekea wote, Mfaransa na asiye Mfaransa. (Mnaojua mmeshashika vichwa. Tulieni kwanza.) Kujaribu, nikatunga namba mwenyewe ili ipite. Ikapita!

Jumatatu, Zoom. Mteja yuko Glasgow, skrini yake iko ukutani kwetu kwa projekta, mama mkurugenzi kakaa mbele kabisa. Mzee wa watu akafika kwenye kisanduku changu. Akabonyeza S. Kimya. Akabonyeza tena. Kistari kinapepesa tu. Kumbe kampuni za Scotland namba zao huanza na SC, ndipo zije tarakimu 6. Mzee akaomba radhi, kibodi yake inasumbua, ngoja akalete nyingine. Jamani, alienda KULETA NYINGINE. Tukamsikia anafungua droo. Mimi tangu ile S ya pili nilishajua kosa ni la nani, nikatulia kama maji ya mtungini.

Akarudi, akachomeka. S. Wapi! Akaamua kuandika tarakimu peke yake. Kisanduku kikawa chekundu: "Kampuni hii haipo. Tafadhali isajili kwanza." Akauliza kwa upole maandishi yale yanasemaje.

Mama akanigeukia: "Mtafsirie mgeni."

Nikamtafsiria. Akasema kampuni aliianzisha marehemu baba yake.

"Hebu weka ya kwetu," mama akasema, taratibu, ile taratibu ya mama mzazi anapovua kandambili. Nikaweka, tarakimu moja moja, huku naomba dua. Nyekundu. "Kampuni hii haipo." Luhn ukiibandika kwa namba zisizoijua, katika kila kumi inakataa kama tisa hivi, na sisi tulikuwa kwenye hizo tisa.

Dereva alikuwa mlangoni kafuata funguo. Akasoma ukuta mpaka mwisho. "Kwa hiyo miaka yote hii tunalipwa na kampuni hewa?"

Usiku huohuo nikarekebisha: namba inahifadhiwa kama maandishi (za Uingereza zilikuwa zinapoteza sifuri za mwanzo, msiniulize), kila nchi na kanuni yake, Luhn nikamrudishia Mfaransa wake, Mjerumani namba yake ya HRB (daftari lao la kampuni) nikaiongezea jina la mahakama, maana namba ileile unaweza kuikuta Munich na Berlin. Mzee wa Glasgow kasaini, Mungu ambariki.

Grupu la ofisi sasa linaitwa Kampuni Hewa. Na aliyelibadilisha jina si yule jamaa. Ni mama mwenyewe.