Gagaku: muziki wa wageni au wa wenyeji?

Wapo wanaouita gagaku, yaani muziki na ngoma za kasri la kifalme la Japani, kiini cha Ujapani wenyewe. Wapo pia wanaouona kuwa ghala tu la muziki wa China ya enzi ya Tang. Kila upande una ushahidi wake, ingawa kwangu mizani haikai sawa.

Wanaosisitiza ugeni wana mengi ya kuonyesha. Sheria za Taiho za mwaka 701 ziliunda idara iliyofundisha, pamoja na nyimbo za wenyeji, muziki wa China na wa falme za Korea. Mwaka 752, sanamu kubwa ya Buddha katika hekalu la Todaiji, Nara, ilipozinduliwa, ibada iliongozwa na Bodhisena, mtawa kutoka India. Katika hazina ya Shosoin, mjini humo humo, imehifadhiwa biwa ya nyuzi tano, ala iliyo jamaa ya udi wa taarabu, na juu yake pamenakshiwa kwa magamba ya konokono wa baharini mpiga ala aliyepanda ngamia. Asili haikufichwa hata jukwaani: ngoma za kushoto, za mavazi mekundu, huhesabiwa kuwa za China, na za kulia, za kijani, kuwa za Korea.

Hata hivyo, mgawanyo huo ulibuniwa na Wajapani katika karne ya 9, wakati ambapo waliziacha pia ala kadhaa za kigeni. Jina lenyewe lina kejeli yake: kwa Wachina maandishi hayo hayo ya jina yalimaanisha muziki wa ibada za Kikonfusio, ilhali kilichovuka bahari zaidi ni muziki wa karamu. Laurence Picken, mtafiti wa muziki wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alidai kwamba mwendo wake ulipunguzwa mno kwa karne nyingi, kiasi kwamba anachokisikia msikilizaji leo ni madoido ya zumari ya hichiriki, huku tuni za awali zikibaki chini yake, katika biwa na sho, ala ya kupuliza ya mianzi. Si wote wanaokubaliana naye, lakini hoja yake inanivuta: kitu kilichopunguzwa na kupangwa upya namna hiyo si cha kuazima tena.

Tangu miaka ya 1870 wanamuziki hao hao wa kasri hujifunza pia muziki wa Ulaya na kuupiga katika karamu za kitaifa. Huo hawajautafutia upande, wa kushoto wala wa kulia.